Mpangaji wa Mama Pasi

Nyumba ya Mama Pasi ilikuwa na chumba cha kulala, jiko na ukumbi, na katika ukumbi huo, mahali palipokuwa na redio ya marehemu mumewe, sasa palikaa nyoka.

Si nyoka wa kuchonga, wala si picha ya nyoka. Nyoka mzima mwenye pumzi zake. Alikuwa chatu mdogo wa kahawia, mwenye mabaka kama ya chai iliyomwagikia shuka, wa aina ile inayojikunja ikawa mpira inapoingiwa na hofu. Alikaa ndani ya kabati la kioo ambalo zamani mwoka mikate wa mtaa wa pili aliuzia mikate yake. Mikate ilitoka, nyoka akaingia. Mama Pasi alimwita Mpangaji, kwa sababu, alisema, katika wapangaji wote aliowahi kukaa nao ukuta kwa ukuta, huyu ndiye pekee asiyefungulia muziki, asiyegonga mlango kuomba chumvi, wala asiyeuliza wageni wa jana walikuja kufanya nini.

Naye mwenyewe jina la Mama Pasi alilipata kazini. Miaka na miaka alipiga pasi kwenye duka la dobi lililokuwa nyuma ya hospitali, makoti ya madaktari asubuhi, mashuka ya wagonjwa mchana, mpaka goti la kushoto likagoma kusimama kutwa, akarudi nyumbani. Mikono haikugoma. Mikono ile ilikuwa inajua joto kuliko kipimo chochote. Alikuwa akipitisha mgongo wa kiganja juu ya pasi bila kuigusa, akakwambia hii ya pamba, hii ya hariri, na hii ondoa haraka kabla hatujalipa nguo ya mtu.

Watu walipomuuliza nyoka wa nini kwa mtu aliyekwisha kula chumvi nyingi kama yeye, aliwategea kitendawili.

"Kitendawili."

"Tega."

"Nina mtoto wangu, shati lake halina kifungo wala mkono. Likimchosha analivua sakafuni, na halifuliwi, halipigwi pasi, wala halivaliwi tena."

Wakikwama aliwaonyesha kabatini lile gamba jeupe, jembamba kama karatasi ya vitumbua vya harusi, lililovuliwa zima kuanzia mdomo hadi mkia. Halafu akacheka mpaka kifua kikamwuma. Maisha yake yote, alisema, alikuwa akimsubiri mtoto wa kuvua nguo zisizomletea kazi.

Alikuja kumjua nyoka kwa njia ya mashati. Alikuwapo mteja mmoja, mfugaji, mtu mpole wa miwani mizito, na siku moja Mama Pasi alimpelekea nguo zake nyumbani. Akaingizwa chumba kilichopangwa visanduku ukutani, kila kimoja na nyoka wake, wote wamezaliwa humo humo, na kibali cha kufuga kimening'inizwa mlangoni. Mfugaji akamuuliza kama angependa kumshika mmoja. Mama Pasi alitegemea kitu chenye utelezi, kama samaki. Alichopewa kilikuwa kikavu, kibaridi, laini, mfano wa shuka lililotiwa wanga likakunjwa vizuri. Alisimama nacho mkononi mpaka akasahau kwamba goti linamuuma. Alipoacha kazi, alirudi kwa mfugaji yule bila shati lolote.

Mfugaji alimtolea kwanza chatu wa manjano, mzuri wa kutia wazimu. Mama Pasi akamtazama kama alivyotazama nguo za wateja, ambazo hakuwahi kuzikagua vifungoni bali kolani na kwapani. Aliomba nyoka afunguliwe kinywa, akaona mate yenye povu. Alimweka sikioni, akasikia pumzi inakoroma. Akasema huyu ni mgonjwa aliyevaa vizuri, mrudishe. Mfugaji aliona haya kidogo, akakiri kwamba yule alikuwa kwenye dawa. Ndipo akaletwa huyu wa kahawia. Macho maangavu, kinywa kikavu, mwili umejaa, uti wa mgongo haukusimama kama paa la nyumba, na chini ya kidevu hapakuwa na ule utitiri unaofanana na pilipili manga iliyosagwa. Hata hivyo hakumchukua mpaka amwone anakula. Mfugaji akaleta panya aliyekufa, akamtikisa kwa koleo, na yule wa kahawia akamdaka, akammeza.

"Ananifaa," Mama Pasi akasema. "Anakula bila kubembelezwa. Sijawahi kujaliwa mwana wa namna hiyo."

Kabati la mikate alilisugua mwenyewe, akalitilia kitasa. Upande mmoja aliweka chini yake mkeka wa umeme wa kupasha joto, upande wa pili akauacha baridi, ili Mpangaji achague. Kila upande alifunika chungu kilichovunjika mdomo, awe na mahali pa kujificha. Asubuhi na jioni alipitisha mgongo wa kiganja juu ya sakafu ya kabati, kama alivyofanya juu ya pasi. Macho ya Mpangaji yalipoanza kuwa na ukungu wa maziwa, alijua anataka kuvua gamba, akamwekea kitambaa kibichi, akakataza mtu yeyote kumgusa. Akishakula, aliachwa atulie. Na juu ya yote, kanuni aliyoihubiri mpaka majirani wakaikariri: kabla ya kumshika, nawa mikono kwa sabuni, maana nyoka anaona kwa ulimi, na mkono unaonuka chakula kwake ni chakula.

Watoto wake walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa msimamizi wa ghala la saruji, na kwa kuwa hata nyumbani alizungumza kama yuko ghalani, wote walimwita Meneja. Wa pili, binti, alikuwa nesi, na waliishia kumwita Nesi.

Nesi alimzoea nyoka polepole, kwa mbali. Mke wa Meneja hakumzoea kabisa, hasa baada ya siku aliyofungua friji la mkwewe akitafuta barafu, akakutana na panya watatu wa Mpangaji wamegandishwa katika kifuko, wamelala ubavu kwa ubavu kama wanafunzi wa bweni. Tangu hapo alikuja na maji yake ya kunywa kwenye chupa.

Meneja hakuogopa panya. Alikuwa na hofu ya namna nyingine. Kabla nyoka hajaletwa, mama yake aliteleza bafuni, akalala sakafuni kitambo mpaka jirani akasikia. Tangu siku hiyo Meneja alitaka ahamie kwake, ambako chumba kilikwisha kupakwa rangi. Mama Pasi alikataa kwa lugha zote anazozijua, kwa upole, kwa mzaha, na kwa kujifanya hasikii. Nyoka alipoletwa, Meneja akaona pa kushikia. Alisimama mlangoni, funguo za gari mkononi, akasema mambo yaishe kiutu uzima. Nyoka akae. Lakini siku atakayomtia mama jino, hata moja, mama atafunga nyumba aende kwake, na nyoka arudi kwa mfugaji.

Mama Pasi alimjua Mpangaji na alijijua yeye mwenyewe. Alimpa mwanawe mkono. "Haya," akasema.

Sasa ikawa Jumapili moja, Meneja na mkewe walikuwa wanakuja kula. Mama Pasi aliamka mapema, akanunua kuku, akamchinjisha, akamnyonyoa na kumkatakata mwenyewe, maana kuku wa kukatiwa dukani alimwona ni kama shati lililopigwa pasi juu juu. Alipokuwa anasubiri chungu kichemke, akapita ukumbini, akaona Mpangaji ameyachafua maji yake. Wageni wanakuja, na mkamwana yule ana jicho. Alijipangusa mikono kwa aproni, akafungua kitasa, akaingiza mkono wa kulia achukue bakuli.

Aproni si sabuni.

Hakuona kitu kikija. Aliona tu kwamba nyoka yuko mkononi mwake, kinywa kimefumba juu ya nyama ya chini ya kidole gumba, mwili umekwisha kujizungusha kwenye kiganja na kukaza. Kila kiungo chake kilitaka kuvuta. Hakuvuta. Alikuwa anajua meno yale yameelekea ndani kama ndoano, na ukivuta unachana wewe na unamvunja yeye. Alitembea hadi jikoni na nyoka wake mkononi, akafungua bomba, akaacha maji baridi yawapitie wote wawili, huku akimwambia kwa sauti ya chini kwamba amekosea mlango, huyu si kuku, huyu ni mwenye nyumba. Mpangaji alifikiri, akafikiri tena, kisha akalegeza, akaachia.

Kabla ya kuutazama mkono wake, Mama Pasi alimtazama yeye kinywani. Meno yote yalikuwapo. Akamrudisha, akafunga kitasa, ndipo akaketi kitini.

Nesi alifika wa kwanza. Alikuta damu kwenye sinki na mama ameketi, akaelewa bila kuambiwa. Alimwosha jeraha kwa sabuni na maji mengi. Vilikuwa vitundu vidogo vidogo vilivyojipanga nusu duara, kama alama za sindano ya cherehani. Aina ile haina sumu, alilijua hilo, lakini alisafisha kwa dawa na kufunga bendeji nene. Alipomaliza kufunga, hakuuachia mkono.

"Mama, nisikilize. Ulikuwa unakata kuku. Kisu kimeteleza. Mimi ndiye nesi, nani atafungua bendeji aangalie?"

Mama Pasi akageuza uso kabatini. Alimtazama Mpangaji, ambaye alikuwa ameingia chini ya chungu chake cha upande wa joto na kuacha ncha ya mkia nje. Akafikiria chumba kile kilichopakwa rangi kwa Meneja, na dirisha lake linalotazama ukuta.

Wakaja, wakakaa mezani. Meneja aliiona bendeji kabla ya kuuona wali. Nesi akasema kisu. Alisema vizuri, kwa uso wa kazini, akaongezea kwamba jeraha si kubwa. Mke wa Meneja akasema pole, mama. Ingeliishia hapo, na Mpangaji angelala salama, na hadithi hii isingekuwa na haja ya kusimuliwa.

Lakini Meneja alimhurumia mama yake kupita kiasi. Aliweka kijiko chini. Akasema kwa upole, ule upole wa kumzungumzia mtu aliyelala, kwamba hayo ndiyo aliyokuwa akiyasema. Mikono imechoka. Leo kisu, kesho maji ya moto. Mtu akishafika mahali hawezi kushika kisu cha jikoni, hilo si la kubishana tena. Akamgeukia dada yake, si mama yake, akaanza kupanga ni siku gani ingefaa.

Mama Pasi aliutazama mkono wake wenye bendeji juu ya kitambaa cha meza. Mkono ule ulipiga pasi kola za wanaume ambao sasa ni wazee, na haukuwahi kuunguza hata moja. Mkono ule, asubuhi hiyo hiyo, ulishikwa na meno mengi yaliyokaza, na haukuvuta.

"Kisu hakikuniteleza," akasema. "Mkono wangu hautetemeki. Ameniuma Mpangaji."

Nesi alifumba macho.

"Nilimpelekea mkono unaonuka kuku," Mama Pasi akaendelea. "Mimi ninayewaambia nyinyi mnawe. Kosa ni langu, lote, msimgawie hata kipande. Sasa kuleni, kuku anapoa."

Hakuna mwingine aliyekula. Meneja alisimama, akatoka nje na simu. Ghala halikuwa mbali, na haikuchukua muda pikapu la ghala likasimama mlangoni na dereva wake. Mke wa Meneja aliingia chumbani, akaanza kukunja nguo za mkwewe na kuzitia begini, na tuseme haki, alizikunja vizuri. Dereva alipoambiwa ukumbini kuna chatu, alisema yeye ana watoto. Godoro alilitolea dirishani, akalipandisha garini, akalifunga kamba. Mama Pasi alibaki ameketi pale pale, akimaliza wali wake kwa mkono wa kushoto.

Meneja alirudi na kusimama mbele yake.

"Mama, ulikubali mwenyewe. Hapo mlangoni. Ulinipa mkono."

"Nilikupa."

"Basi?"

"Basi nimevunja. Niite kigeugeu, niite mzee asiye na neno. Nitaitika. Lakini nitaitikia hapa hapa kwangu."

Meneja alisema mnyama aliyekwisha kuuma atashikwa na hamu ya kuuma tena. Alisema hakuna mtu mwenye akili timamu anayekaa nyumba moja na kitu kilichomtoa damu. Hapo Mama Pasi akasukuma sahani pembeni.

"Wewe ulipoota meno yako mawili ya chini, uliniuma ziwa nikaona nyota mchana. Damu ilitoka. Mama mkwe akaniambia huyu mwachishe, ana meno mabaya. Nikakutoa kinywani, nikakutazama. Nikaona ni meno tu, chuki hamna. Jioni ukanyonya. Ningekufungashia virago, na suruali yenyewe huna?"

Nesi aliangua kicheko, akajiziba mdomo akiwa amechelewa. Chumbani, sauti ya begi kufungwa zipu ikakatika katikati. Meneja alibaki na uso uleule, lakini masikio yalimwiva.

"Mimi ni mwanao," akasema. "Huyo hata hakujui. Hakupendi, mama."

"Najua hanipendi. Sijamwomba. Nimewalea wanaonipenda, na leo upendo wao umetoa godoro langu dirishani. Huyu hanipendi, na kwa hiyo hanichagulii pa kulala."

Neno hilo lilimwingia Meneja mahali pabaya. Aliketi, mzima mzima, kwenye kiti cha karibu, bila kuangalia kwamba kiti hicho kiliupa mgongo ukuta wa kabati la kioo. Akazungumza akiitazama sakafu. Alisema mama yake hajui. Hajui ilivyo kukaa ghalani na kila simu ikilia moyo unaruka, hata ya dereva aliyepasukiwa gurudumu. Siku ile ya bafuni alijibu simu akiwa anacheka na watu, na tangu siku ile hajacheka na simu mkononi.

Mama Pasi alimsikiliza mpaka mwisho. Alitamani kumshika kichwa kama zamani, na hakumshika, maana alijijua: angemshika kichwa, angeshindwa kusema.

"Simu hiyo italia, mwanangu," akasema. "Nikiwa kwako italia, nikiwa kwangu italia. Mimi nataka ilie kutoka kwangu."

Akainuka. Alipita katikati ya wanawe bila kugusa mtu, akatoka nje. Dereva alikuwa ameegemea pikapu akichokoa meno. Mama Pasi akamwomba afungue kamba arudishe godoro ndani. Dereva akamtazama Meneja aliyekuwa ametokea mlangoni, kisha akautazama mlango wenyewe, akasema kwa heshima zote kwamba kupakia amepakia, lakini kuingia humo ndani, mama, hapana, hata bosi akimfukuza leo leo.

"Kaa," Mama Pasi akamwambia. "Hujakosa."

Akaanza kufungua kamba mwenyewe, kwa mkono wa kushoto na meno. Fundo lilikuwa gumu. Mtaa ulikwisha kuona. Fundi viatu wa ng'ambo aliacha nyundo hewani, na mama wa duka la pembeni akauliza kwa sauti kama huko ni kuhama au ni kuhamia.

"Ni kuanika godoro," Mama Pasi akamjibu, kamba ikiwa bado mdomoni.

Fundo liliachia. Alilivuta godoro, likamshukia, likamfunika nusu, akalisukuma, akaanza kuliburuta kuelekea mlangoni kinyumenyume. Mke wa Meneja alikuwa amesimama kizingitini na lile begi. Wakatazamana. Kisha mkamwana akageuka, akalirudisha begi chumbani, na zipu ikasikika tena, safari hii ikifunguliwa.

Godoro lilifika mlangoni, likakwama. Lilikuwa godoro la zamani la pamba, zito kama ng'ombe aliyelala, na lilijaa mlango wote. Mama Pasi alikuwa upande wa ndani, akivuta kwa mkono mmoja, goti linamlilia. Hakuita mtu. Alivuta, akapumzika, akavuta tena. Bendeji ilianza kuonyesha doa jekundu.

Halafu godoro likawa jepesi. Upande wa nje mtu alikuwa amelinyanyua.

Waliingia nalo hivyo, yeye mbele na Meneja nyuma, pasipo kuonana, godoro likiwa katikati yao. Ukumbini palikuwa finyu. Ili lipite, Meneja ilimbidi ajibane ubavu kwenye kabati la kioo, na Mama Pasi alisikia pumzi yake ikisimama. Mpangaji alikuwa ametoa kichwa chini ya chungu, akionja hewa kwa ulimi wake, pengine akijiuliza ni nani huyu mwenye harufu ya saruji. Meneja aliendelea kutembea. Hakuharakisha, na hakuangusha upande wake.

Chumbani walilishusha juu ya kitanda, vumbi likapanda. Meneja alisimama akihema, shati limemgandia mgongoni.

"Umelilaza upande usio wake," mama yake akamwambia. "Lina bonde huku. Geuza."

Meneja akainama, akaligeuza.